KATI YA HAKUNA NA BADO

KAMATI YA WENYE MASANDUKU
POSTA NDOGO YA AVENUE MAFUNDI, KAMALONDO, LUBUMBASHI

Kumbukumbu za kikao kilichoitwa kuzungumzia sura mpya ya posta

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Barazani kwa posta, kwenye viti vya kuazima kutoka baa ya jirani
Kilianza: Saa tisa alasiri badala ya saa nane, kwa sababu mwenye baa alitaka kwanza kujua nani hasa atavirudisha viti

WALIOKUWEPO
1. Papa Stanislas Kabulo, mwenyekiti, mstaafu wa reli
2. Mama Kasoki, makamu mwenyekiti, mfanyabiashara wa jumla
3. Mama Delphine Mukalay, mjumbe, mwenye sanduku namba 214
4. Estelle Ngoie, katibu, mwalimu wa shule ya msingi

WAALIKWA
5. Papa Mwape, mhudumu wa gishe (dirisha la huduma) ya posta hii
6. Bwana Gradi, ofisa wa posta kutoka mjini, anayesimamia mageuzi

Walikuwepo pia wenye masanduku wengine, waliosimama ngazini na kudai kwamba wanapita tu.

WALIOTOA UDHURU
Hakuna.

BADO
Aristote Mukalay, mjumbe, mwana wa Mama Delphine. (Jinsi kichwa hiki kilivyopatikana imeelezwa katika KUMB. NA. 6/2025.)

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Sala ilikuwa fupi kuliko kawaida kwa kuwa Mama Kasoki alikohoa. Mwenyekiti alieleza kwamba baridi ya Juni haijawahi kumpata Mama Kasoki tangu amfahamu, na kwamba kikohozi hicho anakijua. Mama Kasoki alijibu kwamba Mungu anasikia hata sala ya mtu mwenye duka.

Mama Kasoki aliomba ruhusa ya kuacha simu yake wazi mezani. Alieleza kwamba mdogo wake Nzanzu, dereva wa lori huko kwao Kivu Kaskazini, hapatikani kwenye simu tangu baada ya Pasaka, na kwamba kuna watu wanaomtafutia habari zake. Ruhusa ilitolewa bila kupiga kura.

Mwenyekiti alitaja mambo mawili ya kuzungumziwa. La kwanza, maneno ya Kiswahili ambayo posta inataka kuyatumia katika huduma yake mpya ya simu. La pili, ombi la Mama Kasoki la kumfuta mjumbe asiyefika vikaoni. Hakumtaja mjumbe huyo kwa jina. Mama Delphine, ambaye ni mama yake, alikuwa akitazama viatu vyake.

KUMB. NA. 2/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa na kukubaliwa, isipokuwa mwenyekiti aliomba palipoandikwa kwamba alipiga kelele paandikwe kwamba alisisitiza. Katibu alikubali kuandika kwamba mwenyekiti ameomba hivyo.

KUMB. NA. 3/2025: MAELEZO YA BWANA GRADI KUHUSU SURA MPYA YA POSTA

Bwana Gradi alieleza kwamba posta imechoka kuonekana kama nyumba ya vumbi. Kuta zitapakwa rangi. Nembo mpya, ndege wa rangi ya machungwa mwenye bahasha mdomoni, itawekwa mlangoni, kwenye pikipiki na kwenye shati la Papa Mwape. Papa Mwape aliuliza kama ndege huyo atakaa mbele ya shati au mgongoni. Alijibiwa kwamba atakaa mbele, juu ya mfuko.

Jambo kubwa, alisema Bwana Gradi, ni simu. Kuanzia mwezi ujao, kila mwenye sanduku atapata ujumbe kila Jumamosi. Hakutakuwa tena na kuita majina.

Kwa faida ya atakayesoma kumbukumbu hizi huko mjini, katibu anaeleza desturi yetu. Kila Jumamosi, barua zikishapangwa, Papa Mwape husimama kwenye ngazi ya juu na kuita masanduku yote kwa namba na jina. Mwenye barua huambiwa: "Iko!" Asiye na barua huambiwa: "Bado." Wote huitwa. Hakuna Jumamosi hata moja ambapo mtu aliambiwa kwenye ngazi hizi kwamba hakuna. Papa Mwape alipoulizwa nani aliweka kanuni hiyo, alisema: "Hakuna kanuni, bandugu. Nilikuta bale ba mbele yangu banasema vile, na miye nikasema vile." Aliongeza kwamba koo lake limechoka, hasa nyakati hizi za vumbi, na kwamba kwa upande wake simu inakaribishwa sana.

Mama Kasoki aliunga mkono mageuzi kwa nguvu zote. Alisema mwaka jana alisubiri koli, yaani kifurushi, ya vitambaa, akaletewa "bado" na Bijou wa dukani kwake hadi akazoea, na kumbe koli ilikuwa imelala nyuma ya gishe chini ya koti la mtu. Papa Mwape alikiri kwamba koti lilikuwa lake. Mama Kasoki alisema anataka kuona koli yake kwenye simu inapotoka Butembo, inapolala, na inapoamka.

Bwana Gradi alitoa karatasi yenye maneno matatu ambayo kamati iliombwa kuyapitisha. "Ipo" ni kwa sanduku lililopata kitu. "Hakuna" ni kwa sanduku lisilopata kitu. "Inangoja" ni kwa koli iliyofika ikiwa mwenyewe yuko safarini, nayo hutunzwa hadi arudi. Alieleza pia kwamba sanduku linaloandikiwa "hakuna" mfululizo hadi mwisho wa mwaka litahesabiwa kuwa limekufa, litafungwa, na namba yake itapewa mtu mwingine.

Mama Delphine aliomba kusema. Aliuliza: "Ile yangu itakuwa je?"

Bwana Gradi aliangalia kwenye tableti yake. Alisema sanduku namba 214 halijapokea chochote kwa miaka, isipokuwa kitu kimoja mwezi uliopita. Watu wa ngazini walimgeukia wote kwa pamoja. Bwana Gradi aliuliza amesema neno gani baya.

KUMB. NA. 4/2025: KITU KIMOJA CHA MWEZI ULIOPITA

Mwenyekiti alimwagiza katibu amweleze mgeni, kwa sababu yeye mwenyewe asingeweza kulimaliza jambo hilo bila kusisitiza.

Katibu alieleza kwamba Aristote, mwana wa pekee wa Mama Delphine, alikwenda Kilwa ya huku kwetu, kando ya ziwa, kufanya biashara ya samaki. Alipanda lori mbele ya posta hii, siku ya mvua, akiwa bado mjumbe wa kamati hii. Aliandika alipofika. Akaandika tena, akisema samaki ni wengi na barabara ni mbaya. Baada ya hapo hakuandika. Waliokwenda Kilwa waliulizwa. Mmoja alisema Aristote alivuka ziwa. Mwingine alisema alimwona mgodini, kisha akasema labda alikuwa mtu mwingine. Namba ya simu aliyokuwa nayo sasa inapokelewa na mwanamke asiyemjua. Na namba ya Mama Delphine ilikatwa wakati alipougua, kwa kuwa mgonjwa hafikirii kununua vocha. Kwa hiyo, kama Aristote yuko mahali fulani na anataka kumpata mama yake, anachokijua ni sanduku namba 214 tu.

Mama Delphine alithibitisha. Alisema siku ile ya lori alimpa mwanawe karatasi yenye namba ya simu, naye akamrudishia. "Akaniambia: Mama, simu inabadilika, B.P., ile sanduku, haibadilike. Ukiningojea pale nitakupata."

Katibu aliendelea kueleza kwamba mwezi uliopita posta iliweka ndani ya kila sanduku tangazo la sura yake mpya, lenye picha ya ndege. Jumamosi ile Papa Mwape aliona kitu ndani ya 214 na akaita kama anavyoita siku zote: "Mia mbili kumi na ine, Mama Delphine, iko!"

Mama Delphine hakusogea kwenda kwenye sanduku. Alirudi kwanza nyumbani. Alioga, akavaa kitenge cha kuendea misa ya Pasaka, akarudi na jirani wawili. Wakati huo avenue nzima ilikuwa imekwisha kusikia. Vigelegele vilianzia kwa mafundi cherehani na kufika hadi barabara kubwa. Mama Kasoki alikuwa amekwisha kutuma kreti ya soda. Mwenyekiti, ambaye goti lake linamsumbua, aliteremka bila fimbo. Mama Delphine alifungua sanduku, akatoa karatasi, akaigeuza huku na huku. Ndege wa rangi ya machungwa. "Posta yako, karibu zaidi nawe."

Alisema tu: "Ah." Kisha akaomba soda wapewe watoto, isipotee bure.

Papa Mwape alisema hajalala vizuri tangu siku ile. Bwana Gradi alisema tangazo hilo alilitunga yeye mwenyewe, na ndege pia alimchagua yeye, kwa sababu alifikiri watu watafurahi kupata kitu. Mama Delphine alimgeukia na kumwambia: "Mutoto, usijichukulie mubaya. Ile ndege ni muzuri. Niliibandika ku ukuta, karibu na Bikira Maria. Mais lakini si mutoto wangu njo aliiandika, basi."

Bwana Gradi aliomba maji. Hayakuwepo. Alipewa soda iliyobaki ya siku ile.

KUMB. NA. 5/2025: MANENO MATATU

Mwenyekiti aliuliza sanduku namba 214 lifanyweje lisife. Alipendekeza mwenyewe dawa: wajumbe wote wawe wanamwandikia Mama Delphine kwa zamu, barua moja kila mmoja, ili mashine ione kwamba sanduku lina kazi. Alisema yeye ataanza, na mwandiko wake wa reli bado ni mzuri. Watu wa ngazini, ambao walikuwa wanapita tu, walipiga makofi.

Mama Delphine alikataa. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema, kwa kuwa katibu hakuona namna ya kuyafupisha:

"Papa Stani, aksanti sana, aksanti na bote. Mais musiniandikie. Bote munakuwa hapa, munaweza kuya ku nyumba, tunakula bukari, tunaongea. Mukiniandikia, Papa Mwape ataita 'iko', na miye nitarudia kuoga, nitavala tena kile kitenge. Kila mara. Moyo wangu haitaweza. Siku banaita 'iko', iwe ni yeye."

Mwenyekiti aliliondoa pendekezo lake na kuomba lisiandikwe. Katibu alikuwa amekwisha kuliandika, tena anaona si jambo la kuonea aibu.

Mama Kasoki aliomba nafasi. Alisema anampenda Mama Delphine na hakuna asiyejua hilo, ndiyo sababu yeye ndiye atakayesema. "Hii 'bado' ni neno ya kubembeleza bantu. Mu biashara, muntu unamuambia ukweli. Iko ao hakuna. Akijua, analia, anapanguza macho, anaendelea. Mukimuambia 'bado, bado', anabakia ku ngazi mupaka anazeeka. Hii si upole. Hii ni kufunga muntu na kamba." Alisema neno "hakuna" lipite kama lilivyo, na kwamba ombi lake la kumfuta mjumbe asiyefika lina maana hiyo hiyo.

Mwenyekiti alisisitiza. Alisema Mama Kasoki ana saruji mahali pa moyo. Mama Kasoki alijibu kwamba saruji ndiyo inayosimamisha nyumba. Mwenyekiti alisema hata behewa la treni lina mpira wa kupunguza mshtuko. Bwana Gradi aliomba kusema akanyimwa na wote wawili. Mama Delphine alikuwa amekunja mikono na hakuna aliyemuuliza kitu.

Hapo simu ya Mama Kasoki ililia. Aliteremka ngazi haraka, watu wakampisha. Alisimama barabarani akisikiliza, mkono mmoja juu ya sikio kwa sababu ya muziki wa baa. Aliongea Kinande, lugha ya kwao, kwa hiyo maneno hayakueleweka, lakini yalikuwa machache. Alirudi, akakaa, akaiweka simu mezani kifudifudi.

Mwenyekiti alimwuliza, kwa sauti tofauti kabisa na ile ya mwanzo: "Mama, ni habari ya Nzanzu? Amepatikana?"

Mama Kasoki alijibu: "Bado."

Alilisema kama mtu yeyote anavyolisema. Kisha akasikia alichosema. Katibu alikuwa anamwangalia na aliona lilivyompata. Aliweka kiganja mdomoni. Aliangalia meza, akaangalia karatasi ya Bwana Gradi yenye maneno matatu, akauliza polepole, si kwa mtu fulani: "Miye nimesema nini?"

Mama Delphine alisogeza kiti chake, kikapiga kelele kwenye sementi, akapigapiga kiti kitupu pembeni yake na kusema: "Kuya hapa, mama. Baridi iko mingi. Kuya." Mama Kasoki alihama kiti chake cha makamu mwenyekiti na kukaa pale. Mama Delphine alifungua shali yake na kuwafunika wote wawili. Kikao kilisimama kwa muda. Hakuna aliyetoa hoja ya kukisimamisha, kilisimama chenyewe. Katibu hakuandika kwa sababu hakuona vizuri karatasi.

Mama Kasoki ndiye aliyekirudisha kikao. Alitoa mkono chini ya shali, akaelekeza kidole kwenye karatasi ya Bwana Gradi, na kuuliza kwa sauti yake ya dukani: "Hii ya tatu. 'Inangoja'. Inangojea nani?"

Bwana Gradi alirudia kwamba ni koli inayomngojea mwenyewe aliye safarini.

"Na mwenyewe anayebakia ku nyumba, anangojea koli ya muntu iko safarini?"

Bwana Gradi alisema hilo halikufikiriwa. Mama Kasoki aliuliza kama sanduku likiwekwa kwenye neno hilo la tatu linafungwa mwisho wa mwaka. Bwana Gradi alisema halifungwi, kwa kuwa linahesabiwa kuwa kuna mtu anatarajiwa.

"Basi weka 214 pale."

"Mais Mama, pale ni kwa koli. Système haiyue nani anangojea nani."

"Basi usiiambie."

Watu wa ngazini walicheka sana, na Papa Mwape alicheka hadi akakohoa kweli. Bwana Gradi pia alicheka, akifuta miwani. Alisema hawezi kuamua peke yake, lazima ampigie mkubwa wake. Aliondoka barazani kutafuta mtandao, akaonekana upande wa pili wa barabara, mbele ya mafundi cherehani, akizunguka na kuongea kwa mikono. Mafundi walisimamisha mashine zao ili asikie vizuri. Kwa maelezo yao wenyewe, walisikia vizuri wao pia, na wanathibitisha kwamba alimtetea Mama Delphine kana kwamba ni mama yake mzazi.

Aliporudi alieleza kwamba mkubwa wake amekubali kwa majaribio, kwenye posta hii tu. Neno la tatu linaweza kutumika kwa mwenye sanduku anayengojea barua. Sharti ni moja: mwenye sanduku afike gishe mwenyewe kila Jumamosi na kusema kwamba bado anangoja.

Mama Delphine aliuliza kama hilo ndilo sharti lote. Alipoambiwa ndilo, alisema: "Ile nafanya depuis zamani."

Likabaki neno lenyewe. Bwana Gradi alisema mkubwa wake anapenda "inangoja", ni fasaha. Papa Mwape, aliyekuwa hajatoa maoni yoyote kuhusu maneno, alisema "inangoja" haiitiki vizuri kutoka ngazini, inaishia njiani. Mwenyekiti aliuliza kamati inapendelea neno gani. Mama Kasoki alinyoosha mkono wa kwanza, bado ukiwa ndani ya shali, ikabidi Mama Delphine anyooshe pia kwa kuwa walikuwa wamefunikwa pamoja.

Azimio: Neno la tatu litakuwa "Bado". Lilipita bila mpinzani.

Bwana Gradi alijaribu pale pale. Aliandika kwenye tableti yake, na baada ya muda simu ndogo ilitoa sauti ndani ya mfuko wa Mama Delphine. Ni simu mpya, namba mpya, ambayo mwanawe hana. Mama Delphine alimpa katibu asome. Katibu alisoma: "Sanduku 214: Bado."

Aliomba asomewe tena. Katibu alisoma tena, kwa sauti ya darasani, na hili katibu analiandika kwa hiari yake: nimesomesha watoto wengi kusoma, lakini sijawahi kuona neno moja likimkaa mtu vizuri namna ile. Mama Delphine aliichukua simu, akaifuta kioo kwa pembe ya kitenge, akairudisha mfukoni kama mtu anayelaza mtoto.

KUMB. NA. 6/2025: MJUMBE ASIYEFIKA

Katibu alisoma kifungu cha katiba yetu kinachosema kwamba mjumbe akikosa vikao vitatu bila taarifa, jina lake litafutwa. Kwa kifungu hicho Aristote Mukalay alipaswa kufutwa zamani sana. Kila mwaka mwenyekiti alisahau kulileta jambo hilo kikaoni, na katibu alisahau kumkumbusha.

Mama Kasoki aliondoa ombi lake. Aliomba liandikwe kwamba ameliondoa mwenyewe, hakuondolewa. Linaandikwa hivyo.

Mwenyekiti alisema hata hivyo jina la Aristote haliwezi kuendelea kukaa chini ya kichwa "Wasiofika bila taarifa", maana linamwonea mtu asiyeweza kujitetea. Kwa upande mwingine, hakutoa udhuru, hivyo hawezi kuwekwa kwa wenye udhuru. Yalifuata mazungumzo marefu ya kisheria, hasa baina ya mwenyekiti na mwenyekiti.

Mama Kasoki alisema: "Estelle, mutoto wangu, andika 'bado', tumalize."

Katibu alisema kichwa cha namna hiyo hakipo katika kumbukumbu za kikao chochote anachokijua. Mwenyekiti alijibu: "Sasa kiko."

Katibu alitii. Katibu anaomba pia liandikwe, kwa kuwa alisoma darasa moja na Aristote, kwamba rula yake ya mbao aliyomwazima wakiwa darasa la sita, nayo ni bado.

Mama Delphine alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ile Jumamosi ya ndege. Alisema rula ile anaijua, iko nyumbani, lakini mwenye kuirudisha ni yule aliyeiazima. Katibu alikubali kungoja.

KUMB. NA. 7/2025: MENGINEYO NA KUFUNGA

Mwenye baa alituma ujumbe kwamba wateja wake wamesimama. Viti vilianza kurudishwa kimoja kimoja kikao kikiendelea, na mwenyekiti alimalizia hotuba yake akiwa ameegemea mlango wa posta.

Papa Mwape alikumbusha kwamba kwa sababu ya kikao majina ya leo hayajaitwa. Aliulizwa kama koo lake linaruhusu. Alisema simu zinaanza mwezi ujao, mwezi huu koo bado ni lake. Alipanda ngazi ya juu, akavuta sweta yake chini, akaita. Wenye barua walikuwa wachache. Alipofika kwenye namba 214 aliita kwa utulivu kuliko kawaida, na watu wote wa ngazini walisema pamoja naye: "Bado." Mama Delphine aliitika kama anavyoitika siku zote: "Aksanti. Nitarudia."

Namba ya Mama Kasoki ni ya mbele kabisa, na ilikuwa imekwisha kuitwa. Alikuwa na bahasha mbili za biashara na alikwisha kuzitia mkobani. Kwa kawaida hazifuati yeye mwenyewe. Humtuma Bijou wa dukani, na yeye hajawahi kusimama kwenye ngazi hizi siku ya kuita. Leo, majina yote yalipokwisha na watu walipoanza kutawanyika, alibaki amesimama chini, mkoba kifuani, akimtazama Papa Mwape.

Papa Mwape alikuwa amekwisha kugeuka aingie ndani kufunga gishe. Alimwona. Alirudi kwenye ukingo wa ngazi, akasimama vizuri kama anavyosimama kwa kila mtu, na kuita: "Mama Kasoki, juu ya Nzanzu."

Mama Kasoki alisema: "Niko."

"Bado, mama."

"Aksanti," alisema Mama Kasoki. "Nitarudia Jumamosi."

Mama Delphine alimshika mkono, wakaondoka pamoja kuelekea nyumbani kwa Mama Delphine, ambako kulikuwa na bukari. Mwenyekiti alitamka kikao kimefungwa saa kumi na moja kasoro robo, wakati ambapo hapakuwa tena na mtu wa kumsikia isipokuwa katibu. Kiti cha mwisho kilirudishwa na Bwana Gradi.

Kumbukumbu hizi zimethibitishwa na wajumbe wote wa kamati kuwa ni sahihi:

Stanislas Kabulo, mwenyekiti: (sahihi)

Kasoki, makamu mwenyekiti: (sahihi)

Delphine Mukalay, mjumbe: (alama ya dole gumba)

Estelle Ngoie, katibu: (sahihi)

Aristote Mukalay, mjumbe: bado